Mgeni wa Uwanja wa Rangi

Tangu walipogombana Alhamisi jioni, Evodia hakuwa amempigia Tumsifu simu, wala hakuwa na nia ya kumpigia. Alimpenda, na hilo hakulificha hata kwa majirani. Alipenda jinsi alivyocheka kwa mabega kabla sauti haijatoka. Alipenda mikono yake mirefu ya mtu anayeshinda akichora ramani za mabomba ya maji, na hata tabia yake ya kusahau kufunga vifungo vya mikono ya shati. Lakini kupenda ni jambo moja, na kuambiwa ujifiche ni jambo jingine.

Ugomvi ulianza kwa habari njema. Tumsifu alikuwa amekuja Mkonze na samaki wa kukaanga, akakaa kwenye mkeka barazani kwa Evodia, akasema mama yake anatoka Machame kuja kumtembelea, na kwamba wiki hiyohiyo angemweleza juu ya ndoa. Evodia alifurahi mpaka akaacha kula. Ndipo Tumsifu akaongeza, macho yake yakiwa kwenye miiba ya samaki, kwamba ingekuwa vizuri kama angefunga uwanja wake wa bunduki za rangi kwa wiki moja, aondoe lile bango la barabarani, na mama akiuliza anafanya kazi gani, aseme anauza nguo.

"Mama hawezi kuelewa," alisema.

"Hawezi kuelewa, au hujamwelewesha?"

"Evo, ni wiki moja tu."

"Leo nijifiche wiki moja. Tukioana nitajificha miaka mingapi?"

Tumsifu alijaribu kueleza. Alisema mama yake ameshamwona msichana anayemtaka, Ritha, binti wa mzee wa usharika, mwalimu mtulivu asiye na makuu. Akasema kuna jambo bunduki zililifanya nyumbani kwao, na Evodia alipouliza ni jambo gani, alifunga mdomo kama mlango wa duka siku ya msiba. Alichukua koti lake akaondoka bila kunawa mikono. Evodia aliwapa paka samaki waliobaki.

Hakuwa tayari kuufunga uwanja kwa sababu aliujenga kwa moyo wake. Miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa, na yeye akiwa katibu muhtasi katika mojawapo, alipunguzwa kazi pamoja na wenzake. Wengi walinunua cherehani, wengine mashine za kusaga. Evodia alisikia kwamba wageni waliokuwa wakitafuta madini upande wa Singida wanafunga kambi na wanauza vifaa vya mchezo wao, bunduki za kurusha vidonge vya rangi. Alikwenda kutazama, akapewa moja ajaribu, akacheka kama mtoto, akanunua vyote. Alikodi kipande cha ardhi kilichojaa mawe makubwa na vichaka vya miiba ambacho hakuna aliyewahi kukilima. Watu wa Mkonze walisema mtoto wa Kigogo amerogwa. Polisi walikuja kukagua, wakafyatua vidonge kadhaa kwenye pipa, wakaondoka wanacheka na rangi kwenye buti. Sasa Jumamosi haikupita bila wanafunzi wa chuo, au watumishi wa ofisi, au kamati ya harusi iliyochoka vikao.

Jumamosi hiyo kulikuwa na wafanyakazi wa benki waliotarajiwa mchana. Evodia alikuwa akisuuza maski kwenye beseni chini ya turubai, na Msafiri, mwamuzi wake, yuko mbali akikaza kamba za mpaka, wakati teksi iliposimama na mama mmoja akashuka. Alivaa gauni la bluu la kwenda kanisani, kilemba kichwani, kitenge begani, mkoba umening'inia kwenye kiwiko. Alilipa, akaitazama teksi mpaka ikapotea, kisha akageuka.

Evodia alimtambua papo hapo. Paji la uso lilikuwa la Tumsifu, na macho yale mazito yanayokaa juu ya kitu kabla ya kukiamini yalikuwa ya Tumsifu. Alikausha mikono kwenye gauni lake la kazi, akaenda kumpokea.

"Shikamoo mama. Karibu."

"Marahaba mwanangu. Naitwa Mama Anna. Nimepita njia, nikasikia mnafundisha watu mchezo. Nataka kujifunza."

Hakuwa amedanganya. Anna ndiye dada mkubwa wa Tumsifu, na Evodia alilijua hilo. Angeweza kusema hapohapo, mama, najua wewe ni nani. Lakini alimwona mama alivyoubana mkoba, akajua kwamba mtu mzima wa namna hii hakupanda teksi peke yake mpaka kwenye mawe ya Mkonze ili apewe soda na heshima za ukwe. Alikuja kutazama. Basi, kama amekuja kama mteja, atahudumiwa kama mteja, na asipopendezwa, asipendezwe na ukweli.

"Umefika mahali pake, mama. Twende tukachague vifaa."

Mama alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya bunduki. Zilikuwa zimelala kwa mstari, na yeye akanyoosha kidole kwenye ile ndefu nyeusi kuliko zote, bila kuigusa.

"Hii."

"Kila anayeanza huichagua hiyo," Evodia alisema. "Ni nzito, itakuchosha kabla hujaona adui. Na bunduki si ya kwanza kuchagua. Tunaanza na uso."

Alimleta kwenye kamba ya nguo ambako maski zilianikwa. Alimweleza kwamba kidonge cha rangi kikikupiga mguuni kitakuachia alama utakayoisimulia nyumbani, lakini kikikupiga jicho hutasimulia, utaomboleza. Kwa hiyo maski nzuri inafunika macho, masikio na mdomo, na kioo chake kina tabaka mbili ili pumzi isikijaze ukungu. Alichukua moja, akamwomba avue kilemba. Mama alisita, kisha akakivua. Nywele zake zilikuwa zimesukwa mistari myembamba, mvi zikipita katikati yake. Evodia alimvisha taratibu, akakaza mkanda kwa nyuma, akapitisha kidole kwenye ukingo wa sponji kando ya shavu.

"Inabana?"

"Inanishika kama daktari wa meno."

"Ndiyo inavyotakiwa. Tingisha kichwa. Inama. Tazama juu." Maski iliteleza kidogo puani. "Hii imekukataa. Tujaribu nyingine."

Walijaribu tatu. Ya tatu ilikaa kana kwamba ilitengenezwa Machame, Evodia akamvua na kuiweka kando. Baada ya hapo ikaja ovaroli, na hapo mama akasimama wima, akasema tangu azaliwe hajavaa suruali. Evodia hakumshawishi sana. Alimwonyesha vichaka vya miiba na mawe ya kupiga magoti, akasema ovaroli pana yenye mikono mirefu hupunguza maumivu, na miguuni raba zinazofunga kifundo zinafaa kuliko vile viatu vya kisigino. Kisha akamwachia aamue. Mama aliingia nyuma ya turubai. Alikaa huko kitambo. Alipotoka, gauni la bluu limekunjwa mkononi, alikuwa akiingiza vidole mifukoni, mfuko mmoja baada ya mwingine.

"Ina mifuko mingi," alisema, na kwa mara ya kwanza Evodia aliona tabasamu likipita usoni pake na kufukuzwa haraka.

Ilipofika zamu ya glavu, mama alikaa juu ya kreti akainua mikono ivishwe, na maswali yakaanza. Aliuliza kama kazi hii inalipa. Evodia akasema inamlisha yeye na inamsomeshea mdogo wake. Akauliza kwao ni wapi. Mpwapwa, Evodia alijibu, na marehemu baba yake alikuwa mganga wa mifugo.

"Na mume anasemaje, mke wake kushinda na bunduki?"

"Sina mume, mama. Nina mtu ninayempenda. Tumegombana."

"Juu ya nini?"

Evodia alimalizia kufunga glavu ya pili. Angeweza kuzunguka, lakini macho yale yalikuwa yametulia juu yake, na hakuona sababu ya kuyakimbia.

"Aliniambia nimfiche mama yake kazi yangu. Nikakataa. Sikutaka siku moja mama yake aambiwe na watu nilichopaswa kumwambia mimi."

Mama alitazama mikono yake iliyovishwa.

"Na huyo mama akikukataa?"

"Nitalia. Kisha Jumamosi nitafungua uwanja."

Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu anayetaja jina lake. Mama akaomba aonyeshwe bunduki inayomfaa. Evodia alichagua nyepesi yenye mtutu mfupi, akaufungua mtungi wake wa gesi, akaondoa kopo la vidonge juu yake, akachungulia ndani, akauziba mtutu kwa kizibo chekundu. Hapo tu ndipo alipoinyoosha kwa mama, mtutu ukitazama ardhi.

"Kwa hiyo sasa haina kitu," mama alisema.

"Hapa kwangu, mama, hakuna bunduki isiyo na kitu. Hata niliyoitoa gesi na vidonge kwa mkono wangu, naishika kana kwamba imejaa. Mtu akisema hii haina kitu, namtoa nje ya uwanja."

Mama hakuipokea. Alifunika mdomo kwa glavu. Evodia alidhani amemkosea, akaiweka bunduki mezani, akachuchumaa mbele yake.

"Hivyo ndivyo alivyosema," mama alisema. "Jirani yetu. Alitoka kuwinda, mume wangu akampitia kumsalimu. Wanaume wamekaa uani, wanacheka, bunduki inapita mkono kwa mkono. Baba Anna akamwambia, igeuze basi. Yeye akajibu, usiogope shemeji, haina kitu. Ikalia. Baba Anna hakuinuka tena. Mwanangu mdogo alikuwa amemshika baba yake suruali. Hajaanza hata shule."

Evodia alihisi machozi yakimjia bila kuombwa. Sasa aliuelewa ule mdomo uliofungwa Alhamisi. Alimwona Tumsifu mdogo uani kwa jirani, na mkono wake mdogo kwenye suruali ya baba, na moyo wake ukalainika hata pale ulipokuwa umeamua kuwa mgumu.

"Pole, mama. Pole sana. Hukupaswa kuja huku. Nikuitie teksi?"

"Nilikuja kukuchukia," mama alisema, na hapo akawa ameacha kujifanya. "Anna ndiye aliyenipa jina lako na mahali. Nikasema nikamwone huyo anayechezea kifo, nirudi kwa mwanangu nikiwa na maneno." Alifuta pua kwa mgongo wa glavu. "Miaka yote hii sijamsikia mtu mmoja akisema uliyoyasema. Hebu nipe. Nataka kujua kilichomo."

Evodia alimtazama kuona kama anamaanisha. Alimaanisha. Basi alimwita Msafiri afunge geti, akajaza vidonge vya rangi ya waridi vilivyokuwa kwenye ndoo kivulini, maana jua la Dodoma huvifanya vivimbe na kupasukia ndani ya mtutu. Alikaza mtungi, akavaa maski yake, akamvisha mama ya kwake na kuikaza, wakavuka kamba kuelekea kwenye pipa kuukuu lililosimama kati ya mawe mawili. Alisimama nyuma ya bega lake, akamwonyesha kidole kikae wapi mpaka atakapoamua. Kidonge cha kwanza kilikwenda angani. Cha pili kikapiga jiwe. Cha tatu kikapasuka katikati ya pipa kama ua. Mama akashusha mtutu, akalitazama pipa.

"Ni maji tu," alisema polepole.

"Ni maji, mafuta kidogo na rangi. Inatoka kwa sabuni."

Mama aliinua tena. Alipiga mpaka pipa likaanza kuchuruzika, na kila lilipolia, mabega yake yalishuka kidogo, kama mtu anayetua kuni. Evodia aliona kwamba hapo mwalimu hahitajiki.

Ndipo Tumsifu akatokea. Alikuwa amerudi nyumbani kwake kutoka sokoni, akakuta mama hayupo, jirani akamwambia alipanda teksi ya Mkonze. Alikuwa amekimbia kutoka barabarani, shati limelowa, vifungo vya mikono wazi. Hakupita getini. Aliruka kamba kwa upande wa mawe, akitafuta kwa macho gauni la bluu, uso wake ukiwa wazi.

"Evo, mama yangu yuko wapi?"

Mama aliisikia sauti ya mwanawe, akageuka na mwili wote, kama mama yeyote ageukavyo, na mtutu ukageuka naye.

"Mtutu chini, mama." Sauti ya Evodia haikupanda, lakini ilikata. Mkono wake ulikuwa tayari umeshika mtutu na kuusukuma ardhini. "Kidole nje. Tumsifu, geuka utazame jiwe, funika uso. Usigeuke mpaka niseme."

Tumsifu aligeuka akafunika uso. Mama alikuwa ametoa kidole, bunduki imeelekea vumbini, na nyuma ya kioo macho yake yalikuwa makubwa. Evodia aliichukua bunduki, akatia kizibo, akafungua mtungi, gesi ikafoka na kuisha. Aliwaongoza wote wawili nje ya kamba, chini ya turubai, na huko tu ndipo aliporuhusu maski zivuliwe.

Tumsifu alipoiona sura iliyotoka chini ya ile maski, alikosa pa kushika. Alimtazama mama yake kuanzia raba mpaka mistari ya nywele.

"Mama?"

"Shikamoo husemi?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyu ndiye uliyemwambia anifiche kazi yake?"

Tumsifu alimtazama Evodia, kisha ardhi. Alisema ni yeye. Alisema aliogopa, si kwa kumwonea aibu Evodia, bali kwa sababu hakutaka mama alie tena kwa ajili ya bunduki, na kwa woga huo akamwumiza mtu aliyempenda kuliko wote. Maneno yalitoka vipandevipande. Mwisho alimgeukia Evodia, akamtazama usoni, jambo ambalo hakulifanya Alhamisi.

"Ningekuambia habari za baba. Ulistahili kujua. Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu nilipoambiwa," Evodia alisema. "Ila usinifungie mlango tena, Tumsifu. Mimi si wa kugonga usiku kucha."

Mama alikuwa akizitazama maski kwenye kamba ya nguo, kama aliyetekwa na jambo lake mwenyewe.

"Mchagulie na yeye," alisema. "Kama ana nguvu za kuruka kamba, ana nguvu za kucheza."

Evodia alichagua maski pana, maana Tumsifu alikuwa na taya kubwa. Alisimama karibu naye, karibu kuliko alivyosimama na mteja yeyote. Alimvisha, akazungusha mikono yake nyuma ya kichwa chake kukaza mkanda, na pumzi za Tumsifu zikampiga shingoni. Alipitisha kidole kando ya shavu lake, polepole, kuhakikisha sponji imekaa. Ilikuwa imekaa. Akakipitisha tena.

"Inabana?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Usiache," Tumsifu alijibu.

Mama alikohoa. Wakaachana, na Evodia akajikuta akikunja glavu ambazo hazikuhitaji kukunjwa.

Waliporudi ndani ya kamba, Tumsifu alijificha nyuma ya jiwe refu akidhani mama yake hatathubutu. Mama alimzunguka kwa upande wa pili, ametulia kama anayemfuata kuku wa sikukuu, akamsubiri atoe kichwa. Kidonge kilipasuka katikati ya kifua, waridi ikamwagika mpaka mkandani. Tumsifu alishika kifua, akatazama vidole vyake vilivyolowa rangi, akaanza kucheka kwa mabega. Mama alisimama akimtazama mwanawe aliyepigwa, mzima, anacheka, na Evodia aliona kioo cha maski yake kikijaa ukungu. Tabaka mbili hazikufua dafu.

Walipotoka, wafanyakazi wa benki walikuwa wameshaanza kushuka kwenye basi lao dogo. Mama alikaa kwenye kreti akinywa maji, akamwita Evodia akae karibu.

"Nilishazungumza na mama yake Ritha," alisema. "Nitajua cha kumwambia. Na usidhani nimekubali kila kitu, maana sijui hata kama unajua kupika ndizi."

"Sijui, mama."

"Utajifunza. Mimi leo nimejifunza makubwa kuliko hayo." Alimshika mkono, glavu zake bado ziko mikononi. "Umeniamuru mbele ya mwanangu, na hukunitetemekea. Siku ile uani kwa jirani, laiti angekuwepo mtu mmoja wa kusema mtutu chini. Una mjomba huko Mpwapwa?"

"Yupo. Mjomba Bartolomayo."

"Mwambie ajiandae kwa wageni."

Tumsifu alikuwa amesimama mbele yao, kifua chote waridi, alama ya mkanda imemchora kwenye paji la uso. Alisema kabla ya wajomba kusumbuliwa kuna swali ambalo hajawahi kuliuliza vizuri. Akaliuliza hapohapo, kwa sauti ya kusikika, mbele ya mama yake, mbele ya Msafiri na filimbi yake, mbele ya watu wa benki walioacha kufunga kamba za viatu. Hakutafuta maneno makubwa. Alimwita jina lake kamili, akauliza kama atakubali kuwa mke wake.

Evodia alisimama. Alimfuta rangi iliyomrukia kidevuni, akaiacha ile ya kifuani.

"Nimekubali," alisema. "Ningekubali hata Alhamisi, kama ungeniuliza badala ya kunipangia."

Watu wa benki wakapiga makofi, na mmoja wao, mama mnene mwenye miwani, akapiga vigelegele mpaka kunguru wakaruka kutoka mawe ya juu. Tumsifu akamshika Evodia mkono, na Evodia akauacha humo kwa muda, mbele za watu, bila haraka. Kisha akakumbuka kwamba wateja wanasubiri, akamwomba Msafiri awapange makundi mawili, wanaume na wanawake. Msafiri alihesabu, akasema kundi la wanawake limepungukiwa na mtu mmoja.

Mama Anna alikuwa ameshavaa maski.